Yuditha Aliyezifuata Barua za Desemba

Hospitali ya Mtakatifu Zita iko njia ya kupanda Kilema ukitokea Himo. Ndani yake kuna chumba ambacho wagonjwa hawakijui na wakubwa hawakitembelei. Ni masjala. Kina dirisha moja linalotazama migomba, rafu za mbao zinazofika darini, na mafaili elfu kumi na nane, kila moja likiwa ni mtu. Kwa miaka ishirini na miwili mtunza masjala wa chumba hicho amekuwa Yuditha Mlay, mama Tito, mwenye cheti cha utunzaji wa kumbukumbu na miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi. Ninamweleza hapa kwa sababu moja tu. Katika nchi ambayo kila mtu analijua kosa la mwenzake, yeye alilitafuta kosa, akalikuta limeandikwa kwa mwandiko wake, na hakulificha.

Sisemi kwamba ni malaika. Ana ulimi mkali na hajui kumsifu mtu. Wauguzi vijana walikuwa wakizunguka jengo zima ili wasipite mlangoni kwake na faili lililokunjika pembe. Siku moja alimwita daktari mmoja arudi kutoka chini ya ngazi kwa sababu alichukua faili bila kusaini kadi.

"Mama Tito, nina mgonjwa ananisubiri," yule daktari alilalamika.

"Saini inachukua muda gani? Hata Baba Askofu akija atasaini. Faili si parachichi la kuokota njiani."

Daktari alipanda ngazi akasaini. Watu walicheka wiki nzima, lakini tangu hapo mafaili yalianza kurudi mahali pake.

Aprili mwaka 2024 uongozi wa hospitali uliamua kuachana na madaftari na kuweka mfumo wa kompyuta. Kazi hiyo alipewa Ashif, mtu wa Moshi mjini. Babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza vipuri, na yeye anauza programu. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, Kiswahili chake ni cha Moshi kabisa, na akikutana na mtu mzima husema shikamoo kabla hajafungua mkoba. Aliwakusanya wakuu wa vitengo katika chumba cha mikutano, akabandika karatasi kubwa ukutani.

"Niwaambie mapema," alisema. "Mashine haiijui kazi yenu. Inajua kile mtakachoniambia mimi. Mkinidanganya, nayo itadanganya, ila itadanganya haraka kuliko nyinyi."

Kisha akaanza kuuliza jinsi kila jambo linavyokwenda, kutoka mkono gani hadi mkono gani, na kuchora visanduku na mishale. Walipofika kwenye vipimo vya vinyama, yaani vile vipande vidogo vinavyokatwa kwenye uvimbe na kupelekwa maabara ya mjini, alijibu mganga mfawidhi mwenyewe, Daktari Primus Temu. Alitaja hatua tano. Kipimo kinachukuliwa, kinapelekwa maabara, majibu yanarudi, daktari anayasoma, mgonjwa anajulishwa. Ashif akachora visanduku vitano.

"Ndivyo hivyo," alisema Daktari Primus. "Hii ni rahisi, twende inayofuata."

"Samahani, Daktari," alisema Yuditha kutoka nyuma. "Hapo kati ya daktari na mgonjwa pana korongo, na sioni daraja."

"Korongo gani tena, mama Tito?"

"Mgonjwa anajulishwa na nani?"

"Na hospitali."

"Hospitali ina miguu?"

Watu walicheka. Aliyenyamaza ni muuguzi mkuu, Matroni Eliona, kwa sababu barua za kuwaita wagonjwa hutiwa saini na yeye.

Ashif aliishusha kalamu. "Mama yangu, mimi nachora ninachoambiwa."

"Na ndiyo maana nakuambia."

"Basi nichoree wewe." Alikunja karatasi mpya ya manila na kumpa. "Hii hapa. Una wiki moja."

Baadaye Ashif mwenyewe alikiri kwamba alimpa ile karatasi kama mama anavyompa mtoto mwiko ashike wakati wakubwa wanapika. Hakujua anampa mtu wa namna gani.

Baba yake Yuditha, mzee Fabian, alikuwa msimamizi wa mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji kutoka korongoni hadi kwenye vihamba, mashamba ya ukoo ambamo watu wamejenga na kupanda migomba. Watu wa huku wanajua kwamba maji yasipofika shamba la chini, kuitisha mkutano ni kupoteza asubuhi. Kwenye mkutano kila mtu atakueleza maji yanapaswa kupita wapi. Mwenye busara huchukua jembe, hupanda hadi banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini, halafu hushuka na maji yenyewe hatua kwa hatua, mpaka aone yanapozamia. Yuditha aliamua kuifuata karatasi ya majibu kwa namna hiyohiyo. Jambo aliloelezwa na mtu alilichora kwa wino. Jambo aliloliona kwa macho yake alilichora kwa penseli. Siku ya tatu penseli ilikuwa imeshaushinda wino.

Aliona kwamba majibu hupanda na gari la Jumanne, na kwamba dereva, Fredy, huyaacha kwenye dirisha la famasi kwa kuwa saa hiyo ofisi ya matroni imefungwa kwa chakula cha mchana. Aliona yanalala pale hadi Alhamisi. Aliona daktari akisoma na kutia alama nyekundu kwenye jalada la mgonjwa anayetakiwa bila kuchelewa. Aliona barua ya wito ikiandikwa, yenye maneno machache ya kumtaka mgonjwa afike hospitalini haraka, bila kutaja ugonjwa, maana siri ya mgonjwa ni siri. Barua ikasainiwa, ikafungwa, ikaletwa masjala.

Kuanzia hapo alikuwa anajifuata mwenyewe. Yeye ndiye huangalia anwani kwenye faili. Yeye ndiye humkabidhi barua mtu anayepanda upande huo, awe katekista, mwenyekiti wa kitongoji au mama anayetoka kliniki ya watoto. Kisha hufungua rejesta, na kwenye safu iliyoandikwa "Mgonjwa amejulishwa" huweka alama ya vema.

Aliishika penseli akaitazama ile safu. Alichokijua yeye kwa hakika ni kwamba barua imetoka mkononi mwake. Kuhusu mgonjwa hakujua lolote, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika kwamba anajua.

Wengine wangeishia hapo na kujifariji kwamba barua hufika tu, kijiji ni kimoja, watu wanafahamiana. Kwa mwezi wa Mei hilo ni kweli. Kwa Desemba si kweli, na sababu yake ni sisi wenyewe. Desemba mlima unajaa. Watu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha kula Krismasi kwenye kihamba cha baba, na wengi huja na maradhi waliyoyabeba mwaka mzima, kwa kuwa wanaiamini hospitali walimozaliwa. Wakiulizwa dirishani wanaishi wapi, wanajibu Kilema, kwa mzee fulani. Mtu amejenga Mbezi, anafanya kazi Mbezi, watoto wake wanasoma Mbezi, lakini kutamka kwamba anaishi Mbezi huku amesimama juu ya ardhi ya babu yake anaona ni kama kumkana baba. Akiulizwa simu anatoa namba ya nyumbani, na nyumbani ni huko huko. Tarehe tatu Januari amekwishaondoka. Barua inaandikwa Februari.

Yuditha alichukua rejesta ya vipimo vilivyochukuliwa Desemba na Januari. Wagonjwa waliotiwa alama nyekundu walikuwa kumi na saba, na wote kumi na saba walikuwa na vema. Alifungua mafaili yao moja moja. Sita walikuwa wamerudi hospitalini. Kumi na mmoja hawakurudi. Madaktari walikuwa wamedhani kwamba hao wameamua kutibiwa huko mijini wanakofanya kazi. Ni dhana ya mtu mvivu, nalisema bila kuzunguka, na ilikuwa imekaa hapo miaka mingi kwa sababu haikumsumbua mtu yeyote mzima.

Aliomba likizo ya siku nne, akavaa viatu vya mvua, akapanda.

Aliikuta barua moja ndani ya kitabu cha sala cha bibi asiyejua kusoma. Nyingine ilikuwa kwenye kabati pamoja na vyeti vya ubatizo. Tatu zilikuwa bado kwenye mkoba wa katekista, ambaye tangu Machi alikuwa amehamishiwa kigango cha mbali. Zote zilikuwa na gundi yake. Watu wetu wana adabu ya barua, na ni adabu njema. Barua ya mtu mzima haifunguliwi na mwingine.

Siku ya nne, Alhamisi, kabla ya saa tatu asubuhi, alifika kwa mzee Eliakim. Mzee ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe wake.

"Shikamoo, meku," Yuditha alimsalimu, kwa neno tunalomwitia mzee wa kiume huku.

"Marahaba. Wewe ni wa Fabian wa mfongo. Kama umekuja kunidai zamu ya maji, mvua yote hii unaiona."

"Sidai maji. Nimefuata barua ya hospitali. Ya binti yako, Pamela."

"Ipo salama." Mzee aliweka panga chini, akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake, juu ya stakabadhi za kahawa, ilikuwepo bahasha isiyo na kunyanzi hata moja. "Tangu Februari. Hakuna mkono ulioigusa."

"Hukuifungua?"

"Kwani ni yangu?"

"Pamela mwenyewe anajua kama ipo?"

"Nilimpigia. Nikamwambia una barua ya hospitali huku. Akaniambia, baba, hiyo itakuwa mambo ya bima, nitaichukua Pasaka. Pasaka yenyewe uliiona, mvua na barabara zimekatika, na yeye ana wanafunzi wa kidato cha nne. Basi ataikuta Desemba."

"Meku, hii haiwezi kungoja Desemba."

Mzee alimtazama. "Ina nini ndani?"

Yuditha alikuwa ameiona alama nyekundu. Angeweza kubahatisha, na watu wengi wa ofisi hupenda sana kubahatisha mbele ya wenye hofu, kwa sababu huwafanya waonekane wakubwa.

"Mimi ni mtu wa mafaili, si daktari," alisema. "Ninachojua ni kwamba daktari anamtaka. Naomba namba yake ya huko anakoishi."

"Si mnayo?"

"Tuliyonayo ni yako."

"Na mbona hamkunipigia?"

"Hatukupiga. Tuliandika kwamba amejulishwa."

"Nani aliandika?"

"Mimi, meku."

Mzee Eliakim alikaa juu ya gogo. Hakumfokea. Alitoa simu yake ndogo mfukoni, akaitafuta namba kwa kidole kimoja, akaisoma polepole, na Yuditha akaiandika.

"Sasa," mzee alisema, "safari hii usiandike kitu mpaka asikie mwenyewe."

Alishuka kwa miguu hadi hospitalini. Matroni Eliona alimkuta masjala akitoa faili la Pamela rafuni.

"Mama Tito, wewe si uko likizo?"

Yuditha alimfungulia karatasi ya manila juu ya meza na kumweleza kila kitu, kuanzia dirisha la famasi hadi kopo la biskuti. Matroni alisikiliza amesimama. Yeye si mtu mbaya. Ameuguza watu miaka thelathini, na mikono yake imezalisha nusu ya kata. Lakini aliiona saini yake kwenye kila barua iliyolala, na hofu ikamtawala.

"Unajua hii ikifika jimboni itatufanya nini? Wewe unajiungamisha, sawa. Sisi wengine unatuweka wapi?"

"Mahali pale pale ulipo, Matroni. Mimi sijamhamisha mtu."

"Andika ripoti. Kikao ni Jumatatu, itajadiliwa."

"Ripoti nitaiandika. Huyu Pamela hawezi kujadiliwa Jumatatu."

Akalichukua faili, akakunja mchoro wake, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mganga mfawidhi. Ndani mlikuwa na wageni wawili kutoka jimboni, padri mmoja na mhasibu. Katibu alimwambia arudi mchana. Yuditha akajibu kwamba mchana utamkuta hapo hapo. Baada ya nusu saa Daktari Primus alichungulia mlangoni kuagiza chai, akamwona.

"Kuna nini? Nina wageni."

"Pamela Eliakim. Alama nyekundu ni ya mkono wako, tarehe mbili Februari. Hajui."

"Nakumbuka. Imeandikwa amejulishwa."

"Niliandika mimi. Si kweli."

Daktari alichukua faili, akasoma ukurasa wa majibu pale pale mlangoni. Uso wake ulibadilika. Alitazama saa.

"Sawa. Kesho asubuhi nitakaa na Matroni, tupange nani azungumze naye na kwa maneno gani. Habari kama hii haitolewi ovyo."

"Daktari, barua yako imekaa wiki kumi na moja kwenye kopo la biskuti. Huko ilikalishwa na ujinga wetu. Kuanzia sasa ikikaa, umeikalisha wewe. Namba hii hapa."

Haya ni maneno makali kwa mganga mfawidhi, tena wageni wa jimbo wakiwa wanasikia. Kuna watakaosema alikosa heshima. Mimi ninaona kwamba heshima inayomwacha mgonjwa gizani usiku mmoja zaidi ni woga uliovaa nguo safi.

Daktari Primus, kwa sifa yake, hakubishana. Aligeuka akawaomba wageni wampishe. Hivyo padri na mhasibu wakatoka wakakaa kwenye benchi, mmoja kulia kwa Yuditha na mwingine kushoto, na mlango ukafungwa.

"Kuna dharura, mama?" padri aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ipo, Baba."

"Na hii karatasi kubwa ni ya nini?"

"Ni njia ambayo dharura imepita."

Padri aliomba kuiona. Aliikunjua magotini, akaitazama mpaka mwisho.

Mazungumzo yalichukua dakika ishirini. Daktari alipotoka alikuwa ameshika miwani mkononi. Alisema Pamela alikuwa kwenye chumba cha walimu, aliomba muda wa kutoka nje, akasikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili ya maana. Angepanda basi la kesho alfajiri.

"Amesema kwa mdomo wake kwamba ameelewa?" Yuditha aliuliza.

"Kwa mdomo wake."

Ndipo alipokwenda kufungua rejesta. Aliikata ile vema ya Februari kwa mstari mmoja ulionyooka ili isomeke bado, akaandika pembeni tarehe, saa, na jina la aliyezungumza na mgonjwa.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Dereva alileta majibu. Daktari aliyasoma na kuweka alama. Matroni alisaini. Masjala ilituma. Mjumbe alifikisha nyumbani. Mzee alitunza bila kufungua. Ukimshika mmoja mmoja umhukumu, humpati mwizi wala mzembe mkubwa. Kila mtu alifanya kipande chake kwa uaminifu, na katikati ya uaminifu huo mwanamke wa miaka arobaini na mbili alikuwa anakwenda kufa. Tumefundishwa dhambi ya mtu mmoja mmoja tangu katekesimu. Dhambi inayokaa kwenye kiungo kati ya mkono na mkono hatukufundishwa, na wanaoijua ni wachache wenye subira ya kutembea na karatasi.

Jumatatu manila ilibandikwa ukutani, penseli na wino vyote vikionekana. Yuditha alianza hivi: "Kosa la kwanza ni langu, nimelizungushia duara." Baada ya hapo ikawa vigumu kwa mtu yeyote kujitetea. Hata Matroni Eliona, aliyeingia amekunja uso, alisimama akaongeza kisanduku ambacho Yuditha hakukijua, kwamba barua za wagonjwa wa Marangu hupitia kwa mlinzi wa getini, na mlinzi akiwa likizo hakuna anayezipokea.

Ashif alihesabu visanduku. "Thelathini na kimoja," alisema. "Daktari alinipa vitano."

"Usinichongee mbele ya watu," alisema Daktari Primus, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Mabishano yalikuja kwenye fomu mpya ya mgonjwa. Ashif alipendekeza iwe na mistari miwili, anwani ya kudumu na anwani ya sasa.

"Haitasaidia," alisema Yuditha. "Muulize Mchaga anwani ya kudumu, atakuambia kihamba. Muulize ya sasa, na sasa amesimama hapa, atakuambia kihamba."

"Sasa nimuulizeje?"

"Muulize tarehe kumi Januari ataamkia wapi."

"Mama Tito, hakuna mfumo duniani wenye swali la namna hiyo."

"Basi wewe utakuwa wa kwanza kuliweka. Na ile sehemu ya kujulishwa, usiweke vema. Weka nafasi ya kuandika nani amesema na mgonjwa, lini, na mgonjwa amejibu nini. Ikiwa tupu, iendelee kumsumbua daktari kila asubuhi mpaka aijaze."

"Imsumbue vipi?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nijuacho ni kusumbua kwa mdomo."

Ashif aliviweka vyote. Nimesikia kwamba siku hizi akienda ofisi yoyote mjini, kabla ya kuzungumza na mkurugenzi huomba kwanza kuonana na mtu wa masjala.

Habari hii haina utamu mtupu, na nisingekuwa mkweli kama ningeuacha upande mwingine. Wote kumi na mmoja walitafutwa na kupatikana ndani ya wiki mbili, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa mwezi Machi, huko Mwanza. Hakuna daktari aliyeweza kusema kama barua ingemwokoa. Yuditha na Daktari Primus walikwenda nyumbani kwao huku mlimani. Mama wa marehemu hakuwapa viti. Yuditha alisema barua ilipita mkononi mwake na kwamba aliandika imefika bila kujua. Mama yule aliwasikiliza hadi mwisho, akaingia ndani na kufunga mlango. Kuna watu huungama ili wapate kusamehewa. Yeye aliungama akijua kwamba huenda asisamehewe, na mpaka leo hajasamehewa na nyumba ile.

Pamela alifika kama alivyosema. Alikuwa na saratani ya titi. Wiki zile kumi na moja ziliiacha isogee hadi kwapani, hivyo matibabu yakawa marefu na mazito kuliko ambavyo yangekuwa. Alifanyiwa upasuaji mjini, akapewa dawa kwa miezi mingi, akapoteza titi moja na mwaka mmoja wa kufundisha. Madaktari walimwambia waziwazi kwamba kama angeisubiri Desemba, wangekuwa na kazi ya kumpunguzia maumivu tu. Mwaka uliofuata alirudi darasani.

Desemba ya 2025 dirisha la mapokezi lilielemewa kama kila mwaka, na Yuditha alikuwa ameombwa kusaidia. Mwanamke mmoja aliyevaa kilemba cha kitenge alifika mbele, akataja jina: Pamela Eliakim, amekuja kuchunguzwa. Walikuwa hawajawahi kuonana. Yuditha alimtazama kidogo, akageukia kompyuta, akamsomea namba ya simu iliyokuwemo ili aithibitishe.

"Ndiyo hiyo," Pamela alisema. "Samahani, mama. Baba yangu anasema kuna mtu wa hapa aliyepanda mpaka nyumbani kuifuata barua yangu. Amenituma ndizi na maziwa nimletee, na mimi mwenyewe nina neno la kumwambia. Nitamkuta wapi?"

"Ni mtu wa masjala."

"Yupo leo?"

"Yupo, lakini Desemba ana kazi nyingi. Mlango wa kliniki ni ule wa pili, dada. Nenda, zamu yako isipite."

Pamela alishukuru, akainua kikapu chake. Alipofika mlango wa pili muuguzi alimwita kwa jina, akaingia. Yuditha alingoja mpaka mlango umefungwa, akaandika saa, kisha akamwita anayefuata.